Kioo Hakina Kosa

Tarehe 6 Mei

Mdogo wangu,

Mkono wangu umechoka, kwa hiyo salamu zitakuwa fupi na ombi litakuwa refu. Nahitaji kioo cha kukuzia chenye taa, kile cha kufunga mezani chenye mkono unaokunjika. Wewe unauza vifaa vya mafundi kutwa nzima, na watu usiowajua unawachagulia kwa makini. Nichagulie na mimi. Changu cha zamani taa yake ilianza kutetemeka, sasa imezima kabisa, na lenzi imejaa madoa ya risasi ya moto kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Kazi yangu unaijua, lakini nakukumbusha usije ukaniletea pambo la meza. Mashine za masikio za watoto zinazidi kuwa ndogo kila mwaka. Zile tulizokuwa tukizifungua kwa bisibisi ya saa, siku hizi nazifungua kwa ncha ya sindano. Ndani kuna nyaya kama nywele, na kila waya unataka tone la risasi lisilozidi kichwa cha sisimizi. Tone likizidi, linamgusa jirani yake, na hapo balaa. Miaka thelathini na moja nimekaa katika chumba hiki nyuma ya kliniki ya masikio, dirisha moja, meza moja, kiti kinachozama upande wa kushoto, na sijaomba anasa. Hiki si anasa. Nataka chenye nguvu kuliko vyote mlivyo navyo.

Usinipigie simu. Kutwa nasikiliza milio ya mashine, nikitoka hapa masikio yanataka kimya. Andika.

Leo karudishwa mtoto mmoja wa darasa la pili, kwa mara ya pili. Mama yake, mshonaji, analalamika kwamba binti anaivua mashine kila akiambiwa aandike. Nimeipima mbele yake, nzima kabisa. Watoto wengine hawataki tu. Nimechoka mpaka shingo.

Dada yako


Tarehe 11 Mei

Shikamoo Dada,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu hapa dukani kukaa ni kosa la jinai. Miguu imevimba, viatu vinalalamika. Wifi yako alipofika kwenye "risasi ya moto" aliniuliza umejiunga na jeshi lini. Nikamwambia ni ile ya kuunganishia nyaya. Hakuamini sana.

Sasa tuje kwenye kioo. Unasema chenye nguvu kuliko vyote. Hapo ndipo kila mteja anapojikwaa. Kioo kikali mno kinakutaka usogee mpaka pua inanusa moshi, na unachokiona ni kipande kidogo, kama mtu anayetazama harusi kupitia tundu la kitasa. Bibi harusi unamwona, lakini sikio lake tu. Nguvu zenyewe zinahesabiwa kwa namba. Nimekuchagulia namba tatu, inakuza karibu mara mbili, lenzi pana kama sahani. Chuma chako cha moto kitapita chini yake bila kukugonga kidevu, na macho yote mawili yatatazama pamoja.

Ni cha kioo halisi, si plastiki, maana plastiki ukiifuta mara mbili tu imeshachubuka. Taa zimezunguka lenzi, vitaa vyeupe visivyotetemeka, na nusu yake unaweza kuizima. Ukizima upande mmoja, kivuli kinaanguka upande wa pili, na kivuli ndicho kinachokuonyesha kilima cha risasi kilipo. Cha mwisho: ukimaliza kazi kifunike. Jua la dirishani likipita humo litakuchomea faili za watu.

Kinakuja na basi la Jumamosi. Pole na shingo.

Mdogo wako


Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu,

Mzigo umefika salama. Nimekifunga mezani. Mkono unatii, ukiuacha hapa unakaa hapa, na taa ni nzuri kweli. Lakini kioo chenyewe kinapinda. Safu ya vitone iliyonyooka naiona imebonyea kama godoro la wageni. Sijui kiwanda kimewauzia nini. Nakirudisha na basi lilelile. Nitafutie kikali zaidi, hicho kimepoa.

Yule binti wa mshonaji kaletwa tena, mara ya tatu. Safari hii alikuja na mwalimu, akataka nithibitishe kwa maandishi, kwa sababu kila siku darasani ni mabishano. Nikaipima, nikaishika juu, nikaisikiliza, sauti safi. Nikaandika: mashine ni nzima, mtoto ahimizwe kuivaa bila kubembelezwa. Nikagonga muhuri. Mtoto alikuwa akiutazama muhuri, si mimi.

Kazi zimerundikana. Kuna mashine kumi na nne katika sanduku na kila moja ina sikio linaloisubiri.

Dada


Tarehe 27 Mei

Dada,

Kioo kimerudi. Nimekiweka juu ya rula ya chuma mbele ya msimamizi na mbele ya wateja wawili. Rula imenyooka toka mwanzo mpaka mwisho. Nikakiweka juu ya karatasi ya hesabu, visanduku vyote viko sawa. Msimamizi akaniuliza kama nina dada au nina mkaguzi wa serikali.

Nimebadilisha hata hivyo. Hiki ni namba tano, kinakuza zaidi ya mara mbili. Itabidi usogee karibu, na uwanja wake ni mdogo, usije ukasema sikukwambia.

Na kuna neno nitalisema, unisamehe kabla hujalisoma. Tangu nianze kupata chochote sijawahi kukuletea kitu kikakutosha. Viatu vya mwaka juzi vilikubana. Kitambaa kilikuwa na rangi ya wodi. Redio ilikuwa na sauti ya bati. Wewe ndiye uliyenilea baada ya mama kututoka, ulinivisha na kunisomesha, na kila nikijaribu kurudisha hata chembe, kina kasoro. Labda si vioo vinavyopinda, Dada. Labda ni wewe usiyetaka kupokea.

Nimesimama tangu asubuhi na leo kila mteja alikuwa na lake. Lakini sifuti nilichoandika.

Mdogo wako


Tarehe 3 Juni

Kimefika. Asante.

Nacho kinapinda, katikati hasa. Pembeni kuko sawa. Usijisumbue kukibadilisha, nitakizoea.

Viatu vile havikunibana. Siku ile nilikuwa nimevimba miguu.

Dada


Tarehe 14 Juni

Dada yangu,

Nimekupigia simu mara sita. Mara ya saba nilipiga kliniki, mpokea wagonjwa akasema uko kazini na hujambo, akakata.

Ile kadi yako fupi niliisoma haraka, nikaitia mfukoni, nikabaki na hasira zangu siku tatu. Siku ya nne nilikuwa namweleza mteja namna ya kutambua kioo kibovu. Maneno hayo nimeyasema miaka minane, yanatoka yenyewe: "Kitazame pembeni, kioo cha ovyo hupinda pembeni, katikati hakipindi." Nikanyamaza. Mteja akadhani nimesahau bei.

Wewe umeniandikia kwamba pembeni kuko sawa na katikati ndiko kunakopinda. Dada, hakuna kioo cha namna hiyo. Sijawahi kukiona, na hawajatengeneza bado.

Nikarudi nyumbani nikazitandaza barua zako mezani. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika bila mistari, ukanipiga vidole nilipopanda au kushuka. Sasa kila mstari wako unaanza vizuri, ukifika katikati unazama, halafu unapanda tena. Barua zote tatu. Nilikuwa nasoma maneno, sikutazama mwandiko.

Kuna mtengeneza miwani hununua vifaa kwetu. Nilimwonyesha mstari mmoja tu, nikafunika mingine. Akasema ufunge jicho moja, utazame fremu ya mlango bila kioo chochote, halafu ubadilishe jicho. Kama fremu inapinda, aliyepinda si mlango. Nikamuuliza ni nini. Alikataa kusema, alisema tu kwamba yeye si daktari na kwamba mtu wa namna hiyo aende mapema. Hilo "mapema" alilirudia.

Kliniki ya macho iko kwenye korido hiyohiyo yenu. Nenda. Na yale niliyoyaandika mwezi uliopita nayafuta yote, hata lile nililosema sifuti.

Niandikie mistari miwili tu.

Mdogo wako


Tarehe 2 Julai

Mdogo wangu,

Hutapata mistari miwili. Kaa chini, hata kama ni kosa la jinai.

Nilijua. Tangu Machi nilijua. Kutoka mezani kwangu mpaka mlango wa daktari wa macho ni hatua arobaini, nilizihesabu siku ya kurudi. Aliniambia nyuma ya jicho la kulia, pale hasa panapotumika kuonea, kuna mishipa inavuja, na kwamba dawa yake ni sindano, ndani ya jicho lenyewe, si mara moja. Jicho la kushoto unalijua, vivu tangu utoto, halijawahi kunisomea hata gazeti. Kazi yote ya miaka thelathini na moja imefanywa na hili la kulia. Nikamwambia daktari nitarudi Jumatatu. Jumatatu nilipita mlangoni kwake nikiwa nimeshika faili nisilolihitaji, ili nionekane nina haraka.

Halafu nikakuandikia wewe. Nilitaka kioo kitakachomgeuza daktari kuwa mwongo. Nikajisemea, kama mdogo wangu atachagua kizuri, nitaona, na nikiona basi sina kitu. Ndiyo maana sikutaka simu. Sauti yangu unaijua, ungenigundua kabla sijamaliza salamu. Na ulipoandika kwamba labda mimi ndiye ninayepinda, nilicheka peke yangu, kisha sikucheka.

Lakini hilo si la kuumiza kuliko yote.

Jumanne ya wiki iliyopita mshonaji alimleta binti yake mara ya nne. Hakunisalimu. Aliiweka mashine mezani akasema ataisubiri nje. Nilikuwa nimeshaipima mara tatu, kila mara nimeishika wima kama inavyokaa kwenye sikio la mtu aliyesimama. Sijui ni nini kilinijia, nikavaa mpira wa kusikilizia, ule kama wa daktari, nikaishika mashine kando ya kichwa changu, nikainama kama mtu anayeandika.

Ilipiga ukelele ambao mpaka leo uko kichwani mwangu. Nikanyanyuka, ikanyamaza. Nikainama, ikapiga. Mashine inalia mtoto akiinama tu. Na mtoto wa darasa la pili huinama lini? Anapoandika.

Nikaweka mashine chini ya kioo chako cha namba tano, nikawasha taa zote, nikazima nusu kama ulivyonifundisha. Niliona ukungu na mistari inayobonyea. Nikamwita mpokea wagonjwa, mwanamke ambaye hajawahi kushika bisibisi maishani mwake. Aliinama kwenye kioo, hakumaliza hata pumzi moja.

"Kuna kijiwaya kinang'aa hapa," akasema. "Kimetoka kwenye hiki kitone kikavuka mpaka hiki. Ndivyo kinavyotakiwa?"

Kioo hakina kosa, mdogo wangu. Ulichagua vizuri mara zote mbili. Kijiwaya kile ni unyoya wa risasi, na nimeuacha mimi, mwezi wa Aprili, nilipoitengeneza mashine ile mara ya kwanza bila kuona nilichokuwa nikikifanya.

Mpokea wagonjwa aliuongoza mkono wangu, kulia kidogo, chini kidogo, mpaka nikaung'oa. Nikainama na mashine mara kumi. Kimya. Nikatoka nje nikamkabidhi mshonaji, nikamwambia sasa iko sawa. Akasema asante. Hapo ndipo ilinipasa kusema, na sikusema. Nilimtazama mtoto, nikarudi ndani.

Nimesikia baadaye kwamba mwalimu alikuwa akimnyima mapumziko kila anapoivua. Wiki tano mtoto amekaa darasani peke yake wenzake wakicheza, anachagua kati ya kelele ndani ya sikio na adhabu, na kila akieleza kwa mikono kwamba inamuumiza, wanatoa karatasi yenye muhuri wangu. Ahimizwe bila kubembelezwa. Niliyaandika mimi hayo, kwa mwandiko huu unaozama.

Tangu siku ile sijagusa chuma cha moto. Wagonjwa nawaambia vipuri havijafika. Nimejiandikisha kwa daktari, sindano ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Naogopa kama mtoto. Sijui nitamwambia nini yule mama, na sijui kama nitamwambia.

Ukiweza kuja, njoo.

Dada


Tarehe 5 Julai

Dada,

Nafika Jumatano kwa basi la kwanza. Msimamizi nilimwambia nina dharura ya familia. Akauliza ni ile ya kioo. Nikasema ndiyo, akanipa siku nne.

Hilo la yule mama sitakusemea, na sitakushauri nikiwa mbali kama kasuku. Nitakukumbusha kitu kimoja tu. Nilipokuwa darasa la tatu walisema nimevunja dirisha la shule. Mwalimu aliamini, mjomba aliamini, hata mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini. Wewe ulikuja na koti lako la kazini, jeupe, lina tundu la moto kwenye kiwiko, ukasimama mlangoni ukasema, "Mtoto mwenyewe mmemuuliza?" Hukusema lingine. Sikumbuki nani hasa alilivunja lile dirisha. Wewe ulivyosimama pale nakukumbuka.

Wifi yako anakuombea. Usipike, nitakuja nimekula.

Mdogo wako


Tarehe 22 Septemba

Mdogo wangu,

Utaona nimeandika kwa herufi kubwa kama tangazo la kuuza kiwanja. Ndivyo ninavyoandika sasa, zoea.

Juzi nimepata sindano ya tatu. Nilikwenda peke yangu, na muuguzi akaniuliza yuko wapi yule ndugu yako aliyeletewa kiti. Hawajakusahau. Wanasema katika wodi ile wasindikizaji huanguka kuliko wagonjwa, lakini wewe ndiye wa kwanza kuanguka kabla dawa haijafunguliwa. Nilicheka mpaka daktari akanisihi nitulie.

Habari yenyewe ni hii. Kuvuja kumesimama. Mistari imenyooka kiasi, haijarudi kama zamani, na daktari hanidanganyi, anasema kilichokwishakufa hakitafufuka. Nasoma herufi kubwa, navuka barabara, najipikia. Tone la risasi la ukubwa wa sisimizi silioni na sitaliona tena, kwa kioo chochote mnachouza. Nilimwandikia mganga mkuu nikasema hivyo, bila kuremba. Nilidhani nitapewa barua ya kustaafu kesho yake. Wamenipa kazi ya kupima usikivu wa watoto katika chumba cha kimya, na mezani kwangu wamemweka fundi mpya, mwanamke aliyekuwa kiwanda cha saa. Ana mikono mizuri. Anapiga miluzi akifanya kazi, jambo linalonichosha kupita kiasi.

Yule mama nilimwendea. Ilikuwa siku ya pili baada ya wewe kuondoka, jicho bado limefunikwa. Anashonea barazani kwake, cherehani mbili, moja yake na moja ya msichana anayemfundisha. Nilimwomba tuzungumze kando, akasema ninaweza kusema palepale. Basi nikasema mbele ya mwanafunzi wake. Kwamba kosa lilikuwa langu tangu Aprili, kwamba nilijua macho yangu ni mabovu na nikaendelea, kwamba muhuri ule niliugonga bila haki, na kwamba siku nilipogundua nilimkabidhi mashine nikanyamaza. Sikulia. Nilikuwa nimejiapiza nisilie ili asije akalazimika kunituliza.

Alisimamisha cherehani. Akalainisha kitambaa kwa kiganja, kile kitambaa kilichokuwa tayari kimelainika.

"Wiki tano nilimwita mtoto wangu mwongo," akasema. "Mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Hilo utanitengenezea kwa kifaa gani?"

Nilimwambia nimeshamwandikia mwalimu mkuu, na muhuri uleule nimeugonga chini ya maelezo kwamba mtoto alisema kweli. Akauliza barua hiyo imesomwa na nani. Nikasema na mwalimu mkuu. Akasema haitoshi, darasa zima lilimwona akiadhibiwa, basi darasa zima lisikie. Nikamwambia nitakwenda. Nilikwenda Ijumaa yake. Nilisimama mbele ya watoto arobaini nikiwa na kiraka jichoni kama jambazi, nikawaeleza kwamba mwenzao hakuwa mkaidi, mashine ilikuwa inamlilia sikioni na fundi aliyeiharibu ni mimi. Mwalimu wao alitafsiri kwa mikono. Binti mwenyewe alikuwa safu ya tatu. Hakutabasamu wala hakununa. Aligeuka akamtazama aliyekuwa nyuma yake, kwa muda, kisha akaendelea kuandika.

Sikusamehewa, kama unataka kuuliza. Mshonaji hajalitamka neno hilo na sijamwomba. Lakini bado anamleta mtoto kwetu, ingawa mjini kuna kliniki nyingine. Wanakuja kila mwisho wa mwezi. Fundi mpya anaikagua mashine, kisha naisikiliza mimi, kisha naiweka kwenye kiganja cha yule mama. Naye haiweki moja kwa moja kwenye sikio la mtoto. Anaiweka kwanza kwenye sikio lake, anainama mpaka paji la uso linakaribia kugusa meza yangu, anageuka kushoto, anageuka kulia, anasikiliza. Watu wanapanga foleni nyuma yake, wengine wanaguna.

Nami nasimama, nasubiri amalize.

Dada yako